Daftari la Kibarua Hukaa kwa Nani?



Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya siku moja na vikundi vitatu vya upande wa Ukunda. Mada ilikuwa kuweka hesabu: daftari la michango, daftari la mikopo, risiti, mambo mnayoyajua. Wakati wa maswali ulipofika, kijana mmoja aliyekuja kwa niaba ya mamake akasimama nyuma kabisa.

"Mama, sisi tunafundishwa hapa kuandika kila shilingi inayoingia kwenye kikundi. Mimi huu ni mwaka wa tatu nafanya hotelini, na bado naitwa kibarua. Asubuhi nasimama getini. Nikiitwa naingia, nisipoitwa narudi nyumbani. Sasa siku zangu nilizofanya zimeandikwa wapi?"

Mzee mmoja akamjibu kwa mkato, ajiunge na chama cha wafanyakazi. Mwingine akasema ati vyama hivyo ni mambo ya Marekani, vililetwa na Tom Mboya, na vimekwisha naye. Watu wakacheka, chai ikaletwa, na swali la kijana likabaki hapo hapo. Nikaahidi kulijibu katika ukurasa huu. Jibu ni refu kidogo, kwa hiyo tuvumiliane.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa mzee hakukosea kabisa. Ile siku ya 1 Mei tunayopumzika ina asili yake huko. Tarehe hiyo mwaka 1886 wafanyakazi wa miji mingi ya Marekani waliacha kazi wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Wengi walikuwa wakifanya saa kumi na kuendelea. Mjini Chicago, tarehe 4 Mei, walikutana katika uwanja wa Haymarket, na polisi walipokuja kuuvunja mkutano mtu akatupa bomu. Aliyelitupa hajajulikana hadi leo. Hata hivyo wanaume wanane waliokuwa wakiwapigania wafanyakazi walishtakiwa, na wanne kati yao wakanyongwa Novemba 1887. Mwaka 1889 wajumbe wa wafanyakazi waliokutana Paris wakaichagua 1 Mei iwe siku ya kudai saa nane katika nchi zote. Jambo la kuchekesha ni kwamba Wamarekani wenyewe hawapumziki siku hiyo. Sikukuu yao ya wafanyakazi ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Lakini kusema kwamba umoja wa wafanyakazi uliletwa hapa na Mboya, hapana. Mboya alizaliwa mwaka 1930. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, Mombasa ilikuwa tayari imegoma, na miongoni mwa waliogoma walikuwamo watu wa upande wetu huu wa kusini, waliokuwa wakivuka Likoni kwenda Kilindini.

Watu waliovuka Likoni

Neno kibarua lenyewe lina historia yake. Ni barua ndogo. Zamani za utumwa hapa pwani, bwana aliweza kumkodisha mtumwa wake kwa mtu mwingine afanye kazi ya siku, na mtumwa huyo aliitwa kibarua. Ujira ulipotoka, sehemu yake ilikwenda kwa bwana. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, neno lilibaki, likawa la mtu huru anayelipwa kwa siku.

Bandari ya Kilindini iliendeshwa na watu wa namna hii. Hata baada ya gati za kwanza za kina kirefu kufunguliwa mwaka 1926, mizigo mingi bado ilibebwa kwa mabega. Meli ikiingia wanatakiwa watu wengi, meli ikitoka hakuna kazi. Kampuni hazikutaka kumlipa mtu siku ambayo hakuna meli, kwa hiyo zilipenda kibarua. Na Mdigo wa Waa au Ngombeni naye, kusema kweli, hakuuchukia mpango huo. Akitaka pesa ya kodi, au ya nguo, au ya mahari, alivuka, akafanya siku tano sita, kisha akarudi kwake kupalilia mihogo na kuangua nazi. Wazungu walimwita mvivu kwa sababu hiyo. Mimi naona alikuwa na kitu ambacho watu wengi wa mjini hawakuwa nacho: chakula shambani. Mtu mwenye chakula shambani anaweza kuikataa kazi ya leo akangoja ya wiki ijayo.

Aliyeumia zaidi ni yule aliyehamia kisiwani kabisa na kulipa chumba. Mwishoni mwa Julai 1939 wafanyakazi wa Idara ya Ujenzi ya serikali waliacha kazi wakidai nyumba au posho ya nyumba. Mgomo ukaenea kama moto wa makuti: wafanyakazi wa manispaa, wa umeme, wa kampuni za mafuta, na mwanzoni mwa Agosti makuli wa bandari. Hapakuwa na chama wala katibu. Serikali ikaunda tume chini ya Bwana Willan, ikachunguza, ikakuta hali ya nyumba za Waafrika ni mbaya, jambo ambalo kila aliyelala katika nyumba hizo alilijua. Wengi wa waliolipwa kwa mwezi walipata posho ya nyumba.

Kisha ikaja vita kuu ya pili, na bei zikapanda kuliko mishahara. Ndipo tunafika mwaka 1947, ambao ningependa kila kijana wa Kwale anayekwenda kutafuta kazi aujue.

Jumatatu tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Watu wapatao 15,000 hawakwenda kazini. Haikuwa bandari peke yake. Waligoma watu wa reli, wa manispaa, wa hoteli, wapishi na wale watumishi wa nyumbani walioitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Karani aliyevaa suruali iliyopigwa pasi na kuli aliyejifunga gunia walikutana uwanja mmoja, ule wa mpira, ambao waligomaji wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Kila siku palikuwa na mkutano hapo. Madai yao hayakuwa ya ajabu: mshahara unaolingana na bei za sokoni, na malipo sawa kwa kazi sawa, bila kutazama rangi ya ngozi ya anayeifanya.

Huo mgomo ulidumu karibu siku kumi na mbili. Fikirini maana yake. Mtu anayelipwa kwa siku, siku kumi na mbili bila shilingi. Wenye mashamba upande huu wa Likoni na kule bara walikuwa na pa kurudi. Wasio na shamba walitegemea jamaa na majirani. Wakati huo chama chenye mfuko hakikuwapo. Chama kilizaliwa katika mgomo wenyewe na muda si mrefu kikajulikana kama Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na kiongozi wake akawa Chege Kibachia, kijana kutoka Kiambu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa. Angalieni hapo. Mkikuyu akaongoza umati wenye Wadigo, Wajaluo, Wakamba, Wataita na Waswahili, na hakuna aliyemuuliza kabila lake. Leo, hata kumchagua mweka hazina wa kikundi cha kufuga kuku tunaulizana.

Aliyewashawishi warudi kazini ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria. Aliwaahidi kwamba malalamiko yao yatasikilizwa, na kweli baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliundwa na likaongeza mapato ya wafanyakazi wengi. Lakini Agosti mwaka huo huo Kibachia akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, akakaa huko karibu miaka kumi. Shirikisho lake halikudumu baada yake. Mwenzake wa Nairobi, Makhan Singh, aliyeanzisha pamoja na Fred Kubai muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki tarehe 1 Mei 1949, alikamatwa mwaka 1950, naye hakuachiliwa hadi 1961. Waliolipa gharama ya mambo tunayoyaona leo kuwa ya kawaida walikuwa na majina, na walikuwa na watoto nyumbani.

Kitabu cha nani?

Sasa tunarudi kwenye daftari la yule kijana, na kwa hili nitawavusha bahari kidogo hadi San Francisco, mji wa bandari magharibi mwa Marekani. Kuli wa huko aliishi kama wa Kilindini. Kila alfajiri wanaume walijipanga mbele ya bandari, mnyapara akapita akinyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Aliyetaka kuchaguliwa alimpa mnyapara chochote, chupa au sehemu ya mshahara. Waajiri walikuwa pia na chama chao bandia. Kuli alitakiwa kuwa na kitabu cha buluu cha chama hicho, na asiyekuwa nacho hakupewa kazi. Kwa hiyo kitabu kilikuwapo, ila kilikuwa cha mwajiri.

Tarehe 9 Mei 1934 makuli wa pwani yote ile waligoma, na mmoja wa viongozi wao alikuwa kuli mwenzao, Harry Bridges, mzaliwa wa Australia. Tarehe 5 Julai polisi waliwapiga risasi na watu wawili wakafa. Siku chache baadaye mji mzima wa San Francisco uligoma. Mgomo wa bandari ulikwisha baada ya siku 83, na uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa Oktoba ndio ninaotaka muukumbuke. Mshahara uliongezwa, ndiyo. Lakini kubwa zaidi, ule mstari wa alfajiri ulifutwa. Pakafunguliwa ofisi ya kugawa kazi, inayoendeshwa kwa pamoja na waajiri na chama, na karani wa kuita majina akawa anachaguliwa na chama. Kazi zikagawanywa kwa zamu. Kunyooshewa kidole kukaisha.

Mombasa nayo ilipata orodha yake, lakini kwa mkono mwingine. Baada ya migomo ile, serikali na kampuni za bandari waliona kwamba kuli asiyejulikana jina, mwenye shamba lake ng'ambo, hatishiki. Ukimfukuza leo, kesho anarudi kwa jina jingine au habari yake imekwisha, amekwenda kulima. Basi kuanzia miaka ya 1940, na kwa nguvu zaidi miaka ya 1950, makuli waliandikishwa. Aliyeandikishwa alitakiwa kujitokeza kazini siku za kutosha kila mwezi. Akikosa, jina linafutwa. Walioweza kukaa mjini mwezi mzima walipata kazi ya kudumu zaidi na malipo yaliyokuwa yakipanda. Waliozoea kuvuka siku tano na kurudi kupalilia waliachwa nje kidogo kidogo. Hii ni sababu moja kwa nini babu zenu wengi walifanya kazi bandarini na baba zenu hawakufanya. Watu husema walipokonywa kazi na wabara. Nadhani ni haki zaidi kusema kwamba sheria za orodha zilibadilishwa, na walioandika sheria hizo hawakuwa wabara wala Wadigo.

Nisieleweke vibaya, uandikishaji ulikuwa na faida zake. Makuli walipojulikana majina waliweza pia kuwa na chama cha kweli, na Chama cha Wafanyakazi wa Bandari kikasajiliwa mwaka 1954. Machi 1955 wakagoma kwa maelfu. Wakati huo nchi ilikuwa katika hali ya hatari, vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, hata mkutano mdogo ulikuwa wa kuombewa ruhusa. Hapo ndipo Mboya anapoingia. Alikuwa na umri wa miaka 24, amesoma shule za misheni hadi karo ikamshinda, akawa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi kabla ya kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Alikwenda Mombasa, akawasihi makuli warudi kazini, naye akakaa mezani kwa niaba yao. Uamuzi wa wasuluhishi ulipotoka, mshahara uliongezwa kwa asilimia 33. Ongezeko kama hilo halikuwa limewahi kusikika.

Mwaka uliofuata, 1956, Mboya alikwenda Marekani, na muungano mkubwa wa vyama vya wafanyakazi wa huko, AFL-CIO, ukampa dola 35,000 za kujenga makao ya shirikisho mjini Nairobi. Ndilo lile jumba la Solidarity. Yule mzee wa semina huenda alikuwa akilifikiria hilo. Msaada ulikuwepo, na ulikuwa na siasa zake, kwa sababu Marekani na Urusi zilikuwa zikigombea marafiki. Lakini kati ya watu waliomsaidia Mboya huko alikuwa A. Philip Randolph, na huyu ningetaka mumjue. Aliongoza chama cha Waamerika weusi waliohudumia abiria katika mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama vile Mombasa kila mtumishi alivyoitwa boi. Chama chao kilianzishwa mwaka 1925, na kampuni ilikubali kutia saini mkataba nacho mwaka 1937. Miaka kumi na miwili, ndugu zangu. Kuna vikundi vyetu vinavyovunjika kwa sababu mradi wa mizinga haukuleta asali mwaka wa kwanza.

Baada ya Uhuru mambo yalikuja mchanganyiko. Vyama viligawanyika na kugombana, na mwaka 1965 serikali ikaunda COTU, huku Rais akipewa uwezo wa kumteua katibu mkuu kutoka kwa majina matatu aliyopelekewa. Chama kikawa karibu na serikali kuliko wanachama wengi walivyotaka. Na tusidanganyane, chama hakiwezi kila kitu. Wazee wa Msambweni wanakikumbuka kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kilipofungwa mwaka 1988, kadi ya chama haikukifungua tena.

Getini Diani

Turudi kwetu. Hoteli za Diani zina msimu kama bandari ilivyokuwa na meli. Wageni wakija, watu wanatakiwa. Mvua za masika zikianza baada ya Pasaka, vibarua wanaambiwa wasije. Ilikuwa hivyo baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, na ikawa hivyo tena Machi 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege. Wa kwanza kuondoka kila mara ni yule ambaye hakuna aliyeandika jina lake.

Lakini sheria ya leo si ile ya Willan. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye kila anapoajiriwa haajiriwi kwa zaidi ya saa 24. Akifanya siku mfululizo ambazo jumla yake ni mwezi mmoja au zaidi, kifungu cha 37 kinamgeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi, hata kama mwajiri anaendelea kumwita kibarua. Tunajua wako waajiri wanaompumzisha mtu siku mbili tatu mwezi unapokaribia kutimia, kisha wanamwita tena. Kwa hao sheria imeongeza maneno mengine: ikiwa kazi yenyewe ni ya kuchukua miezi mitatu au zaidi kwa jumla, hapo pia anageuka. Kufua mashuka ya hoteli si kazi ya kuisha kesho. Akifikisha miezi miwili mfululizo tangu aanze, anastahili masharti yote ya mwajiriwa wa kawaida: siku moja ya mapumziko katika saba, likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo akitimiza mwaka, na notisi kabla ya kuachishwa.

Mwajiri ndiye anayetakiwa kutunza rekodi, na asipoweza kuleta mkataba mbele ya korti mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Hata hivyo msimtegemee. Mwenye madai ana miaka mitatu tu ya kuyapeleka, na miaka mitatu hupita haraka kwa mtu anayehesabu kwa siku.

Kuhusu chama: wa hoteli na wa kazi za nyumbani chama chao ni KUDHEIHA. Mwajiri analazimika kukitambua chama kikishaandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga. Kwa hiyo mtu mmoja akijiunga peke yake, kama mzee alivyomshauri kijana, anapata kadi. Wanaotakiwa ni nusu na mmoja.

Vile vikundi vitatu vya Ukunda vimeamua jambo dogo. Kila mwanachama anayefanya kibarua, au mwenye mtoto anayefanya, anunue daftari la shule, aandike kila siku aliyoitwa: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, kazi, malipo, na jina la mnyapara. Jumapili katibu wa kikundi anatia saini chini ya ukurasa. Kina mama wanaopasua kokoto nao wameomba waingizwe.

Yule kijana alisema siku zake za nyuma zimepotea, hakuandika. Mama mmoja akamuuliza analipwaje. Akasema kwa M-Pesa, mnyapara humtumia kila jioni. Yule mama akacheka, akamwambia basi daftari unalo mfukoni. Ameomba taarifa ya malipo yake, na wiki iliyopita amenitumia ujumbe: kwa mwaka mmoja tu amehesabu siku 214, na bado miaka miwili hajaigusa. Jumanne tunakwenda naye ofisi ya leba.